Ng'ombe Hawapelekwi Nyumba Mbili

Mbuzi alikuwa ameshaliwa. Hilo ndilo lililomuuma Bibi Waisiko kuliko yote asubuhi ile, alipokuwa amekaa kwenye benchi la Protasi pale Turwa mjini, mkoba mapajani, akingoja kompyuta iseme neno. Mwezi wa saba, matokeo ya kidato cha sita yalipotoka na mjukuu wake wa kike, Boke, akapata wani ya pointi tatu, ambayo ukitafuta iliyo bora kuliko hiyo huipati, Waisiko alichinja beberu. Majirani wa Itiryo walikula, wakalamba vidole, wakamwita bibi wa daktari. Sasa ulikuwa mwezi wa tisa, na mbuzi aliyeliwa harudi zizini.

Protasi alikuwa mtu wa Bukoba. Alikuja Nyangoto kutafuta dhahabu, dhahabu ikamkataa, akahamia mjini na kufungua kibanda cha kutoa kopi, kupiga picha za pasipoti na kuwaombea watoto wa watu nafasi za vyuo. Kazi hiyo ya tatu ilikuwa imemzoesha kutoa habari mbaya kwa sauti ya taratibu. Alikohoa kwanza.

"Bibi, hajachaguliwa."

"Angalia tena. Huyu ni Boke Waisiko, wa pointi tatu."

"Ni yeye. Jina ni hili na namba ni hii."

"Basi hawakuziona hizo pointi."

"Wameziona, bibi. Shida ni kwamba wameziona na za wenzake. Udaktari kwenye chuo kile unapiganiwa na kila aliyefaulu nchi nzima. Wenye alama kama zake ni wengi kuliko viti. Viti vikijaa, wanaobaki nje wanabaki nje na akili zao." Akamgeukia Boke, aliyesimama kando ya bibi yake. "Vyuo vingine vimesemaje?"

"Niliomba kimoja tu," alisema Boke. "Nilijaza kwenye simu ya mwalimu."

Mtu aliyekuwa anangoja kopi ya kitambulisho akageuka kumtazama. Protasi akavua miwani. "Kimoja! Mwanangu, hata mwenye pointi tatu haombi chuo kimoja. Jirani yenu Felix, yule wa mzee Mseti, ana wani ya pointi tisa. Nilimjazia vyuo vinne, amepata viwili. Wewe nani alikushauri?"

Boke akatazama vidole vyake vya miguu ndani ya kandambili. Hakumtazama bibi yake hata kwa pembe ya jicho, na hapo ndipo Waisiko alipojua kwamba mtoto anamsitiri. Afadhali angemtazama.

Maana mshauri mwenyewe alikuwa amekaa palepale kwenye benchi. Mwezi wa saba Boke alirudi na karatasi ya mwalimu yenye majina ya vyuo vitano. Waisiko akauliza kipi katika hivyo ndicho kikubwa, akaonyeshwa kile cha Dar es Salaam. "Basi hicho hicho," alisema. "Mtu akitaka mke anaswaga ng'ombe wake mpaka mji mmoja. Ukionekana umewapitisha na kwa jirani, wa kwanza watakucheka na wa pili watakufukuza. Ng'ombe hawapelekwi nyumba mbili." Boke alisema, "Sawa, bibi," akaikunja ile karatasi mara mbili na kuitia ndani ya daftari.

Waisiko alizungumza kama mtu anayejua anachosema, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa ameoa. Mumewe alifariki bila kumwachia mtoto wa kiume, naye akafanya kama wanawake wa Kikurya wanavyofanya nyumba inapotaka kuzimika. Alitoa ng'ombe wanane akamwoa Agness kwa nyumba ntobhu, ili watoto wa Agness wawe watoto wa nyumba yake na wabebe jina lake. Akazaliwa Boke, basi, hakufuata mwingine. Katika ua ule Waisiko alikuwa bibi, mkwe na mwenye mji kwa wakati mmoja, na kauli yake haikuwa na pa kukatiwa rufaa.

"Dirisha la pili la maombi linafunguliwa Jumatatu," Protasi alisema, akirudisha miwani. "Nafasi ni zile zilizobaki, na zinagombewa. Ni makombo, sawa, lakini makombo ya harusini mtu anashiba. Njooni mapema. Na mje na majina ya vyuo, bibi, si jina la chuo."

Yule wa kopi ya kitambulisho akacheka kidogo. Waisiko akainuka, akajifunga kitenge upya ingawa hakikuwa kimelegea, akatoka.

*

Walirudi Itiryo kwa pikipiki moja, wao wawili na dereva, na habari zilikuwa zimewatangulia. Jua lilikuwa halijazama Mseti alipopiga hodi. Alikuwa mwanamume wa miaka hamsini na ushei, mchapakazi, mwenye ng'ombe wengi na mdomo ambao haukuwa na mlango.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mura. Karibu."

"Nimesikia. Poleni sana." Akajikalia kwenye kigoda bila kuonyeshwa. "Ndiyo hivyo. Akili nyingi mno nayo ni taabu. Felix wangu na pointi zake tisa za kuungaunga, leo anaulizwa anataka chuo gani katika viwili. Mpaka namwonea huruma, hajui ajibu nini."

"Hongera," alisema Waisiko. Lilikuwa neno dogo, lakini alilitoa kama mtu anayetoa mwiba.

"Ahsante, mama. Mungu hamtupi mja wake." Mseti akainuka. Alipofika langoni akakumbuka kitu. "Lakini yule beberu alikuwa mtamu."

Agness alileta ugali na mboga ya majani, akaweka bakuli chini kwa kishindo kidogo zaidi ya kawaida. Kwa miaka ishirini Agness alikuwa mtu wa kutosema kitu, na Waisiko alikuwa amezoea kuiita hali hiyo heshima. Walikula. Boke alimega tonge, akalizungusha kiganjani, akalirudisha.

"Ni mimi niliyemkosesha mtoto," Waisiko alisema ghafla.

"Bibi, hata ningeomba vitano, huenda..."

"Usinifunike, Boke. Mimi si kifaranga. Mwalimu alisema vitano, mimi nikasema kimoja. Mwalimu amesoma, mimi nimeoa. Nilidhani ni kitu kilekile. Nilikosea."

Agness akainua macho. Katika nyumba ile neno hilo lilikuwa halijawahi kutoka kinywani mwa yule mzee, hata mwaka ule alipopanda maharage yote kabla ya mvua na yakaliwa na ndege. Boke naye hakujua aangalie wapi.

"Nitauza ng'ombe," Waisiko aliendelea, maana mtu aliyezoea kuamuru hata kutubu hutubu kwa kuamuru. "Wote sita. Aende hata chuo cha kulipia, mradi awe daktari wa watu."

"Tungoje Jumatatu, mama," alisema Agness. Yalikuwa maneno matatu tu, naye akakusanya vyombo.

*

Jumamosi alfajiri Mseti alirudi, safari hii mbio, kofia mkononi na suruali imelowa umande mpaka magotini.

"Boke yuko wapi? Ng'ombe wangu mweupe anakufa! Ndama amekaa vibaya, umetoka mguu mmoja na pua, mguu wa pili hauonekani. Bwana mifugo yuko kata nyingine, simu yake haipatikani."

Boke alikuwa ameshatoka nje. Hakuna aliyeshangaa kwamba anatafutwa yeye. Tangu akiwa darasa la sita mifugo ya jirani ilipopata shida watu walimwita, kama wanavyomwita mwenye ngazi ndefu. Akachukua kipande cha sabuni, ndoo ya maji ya vuguvugu na kikopo cha mafuta ya kupikia, akaondoka na Mseti. Waisiko akafuata na fimbo yake, kwa sababu hapendi kusimuliwa.

Ng'ombe alikuwa amelala ubavu, anakoroma. Boke akaosha mkono mpaka begani, akaupaka mafuta, akalala kifudifudi kwenye matope yaliyochanganyika na samadi, akauingiza. Akafumba macho. "Msimvute!" aliwaambia vijana waliokuwa wameshika kamba. "Mkimvuta hivi mnamchana. Ngojeni. Tunamrudisha ndani kwanza." Mseti, ambaye nyumbani kwake haambiwi ngojeni na mtu yeyote, akangoja. Boke alimsukuma ndama nyuma polepole kila ng'ombe alipopumzika, mpaka akaupata ule mguu uliokunjika. Akaifunika kwato kwa kiganja isije ikachana kizazi, akaunyoosha. "Sasa," alisema. "Akisukuma, na nyie vuteni. Akiacha, acheni."

Ndama alitoka kwa mkupuo mmoja, mrefu, anateleza, haonyeshi dalili ya kupumua. Boke akampangusa kamasi, akamtekenya puani kwa unyasi. Ndama akapiga chafya. Hapo Boke akacheka, kicheko cha wazi, kichwa amekirusha nyuma, damu na samadi mpaka kwenye sikio. Waisiko akagundua kwamba hakuwa ameisikia sauti ile kwa siku nyingi, wala hakuisikia siku ya beberu. Siku ya beberu mtoto alitabasamu tu alipoambiwa atabasamu, akaenda kugawa nyama. Jambo hilo lilimpitia kichwani mzee, likamkereketa kidogo, lakini Jumatatu ilikuwa imemjaa akilini, akaliacha.

"Huu mkono una akili," Mseti alisema, akifuta jasho ambalo halikumtoka kwa kazi yoyote. "Pole kwa yale ya chuo, binti." Safari hii alimaanisha.

*

Jumatatu saa mbili walikuwa wa kwanza kwenye benchi la Protasi. Bibi alivaa gauni lake la kanisani na Boke alibeba ile karatasi ya mwalimu, mikunjo yake miwili imeanza kuchanika.

"Tuanze upya," alisema Protasi. "Jina la baba?"

"Waisiko," alisema Waisiko.

"Hilo si ndilo jina lako, bibi?"

"Ndilo."

Watu wawili waliokuwa nyuma wakasogea ili wasikie vizuri. Protasi alikuwa ameishi na Wakurya miaka tisa na alijua mengi, lakini kuna mambo mtu huyajua kijiweni na hujikuta hana pa kuyaandika kwenye kisanduku. Akajikuna shingo. "Hapa wanataka baba. Mwanamume."

"Ng'ombe wanane walitoka zizini kwa nani?"

"Kwako."

"Ada ya shule alilipa nani?"

"Wewe."

"Basi andika. Mashine ikiuliza, uniite nije niijibu."

Benchi zima likacheka, lakini hakikuwa kile kicheko cha siku ile, na Waisiko akajikuta anacheka pia. Protasi akaandika. Kisha akaeleza utaratibu, pole pole, kwa mzee na kwa mtoto. Wangejaza vyuo vinne. Vikimchagua viwili au vitatu, namba ya siri ingetumwa kwenye simu. Boke angethibitisha kimoja anachokitaka, na vile vingine vingempa nafasi mtu mwingine.

Waisiko akainua mkono. "Simama hapo. Hivyo vingine vinaondoka bila kununa?"

"Bila kununa, bibi."

"Havisemi tumevidharau?"

"Wala. Ndiyo kazi yao. Vinamwomba, yeye anachagua."

Mabega ya mzee yakaanza kutikisika, na Boke akadhani analia, akamshika mkono. Waisiko alikuwa anacheka mpaka machozi yanamtoka.

"Kumbe sisi si waoaji! Boke, umesikia? Sisi ndio tuna binti! Mimi mzee mzima nimekaa nahesabu ng'ombe wa kupeleka, kumbe wao ndio wanaokuja kuposa. Sasa mwenye binti ana aibu gani? Mwenye binti hata wageni wakija kumi kwa siku anawapa wote uji, anawasikiliza, na hakuna mtu wa kumlaumu. Jaza, Protasi. Jaza mpaka uchoke!"

Akafungua fundo kwenye pindo la kitenge na kutoa elfu arobaini, bei ya kuku wanne aliowauza Jumapili, kumi kwa kila chuo. Protasi akajaza. Cha kwanza kilikuwa kilekile cha Dar es Salaam, kwa sababu Waisiko hakutaka kionekane kimemtisha. Cha pili cha Mwanza na cha tatu cha Dodoma, vyote udaktari.

"Cha nne?" aliuliza Protasi.

Waisiko akafungua mdomo, lakini Boke alikuwa ameshasema. "Morogoro. Udaktari wa mifugo." Alilisema upesi, kama mtu aliyekuwa nalo tayari mdomoni tangu nyumbani.

"Wa ng'ombe?" Waisiko aliuliza.

"Ni cha nne tu, bibi."

"Haya. Cha kujazia."

*

Ujumbe uliingia wiki mbili baadaye, jioni, wakati Waisiko anakamua. Simu yake ya batani ndiyo iliyokuwa imeandikishwa, kwa kuwa ndiyo pekee nyumbani ambayo haikuwa imepasuka kioo. Ililia ndani ya mfuko wa sweta. Aliiacha ndoo, ndama akapata bahati yake.

"Boke! Boke, njoo usome, mkono wangu una maziwa!"

Boke akasoma kimya, halafu akasoma tena kwa sauti. Amechaguliwa na zaidi ya chuo kimoja, na hii hapa namba ya siri ya kuthibitishia. Kisha akampigia Protasi, naye akaangalia kwenye mashine na kupiga kelele mpaka Agness aliyekuwa jikoni akasikia. Dar es Salaam wamekataa tena. Dodoma wamejaa. Mwanza wamemchukua udaktari wa binadamu na Morogoro wamemchukua udaktari wa mifugo. Athibitishe kimoja, mwisho kesho jioni.

Waisiko alipiga vigelegele mwenyewe, vya kizee, vyenye mapengo, na Mseti akaja na kipande cha muwa mdomoni kuuliza kuna nini. Agness akaleta uji wa mtama wenye maziwa kwa wote. Mseti alipoelezwa akafurahi kwa haki, ila mdomo wake ulikuwa uleule.

"Mwanza safi. Lakini hicho cha Morogoro ni cha nini? Pointi tatu nzima ukachome ng'ombe sindano?"

"Mseti," alisema Waisiko, "yule ndama wako hajambo?"

"Hajambo sana, anaruka."

"Basi nyamaza unywe uji."

Mseti akanywa uji. Waisiko akavuta kigoda chake, akakaa vizuri, akajifuta midomo. Jambo lenyewe alikuwa ameshalipima. Chuo cha Mwanza kilikuwa cha kulipia, na ada ya mwaka mmoja ilitosha kuwameza ng'ombe wake wote sita. Mwaka wa pili angeuza kipande cha shamba cha bondeni. Wa tatu Mungu angejua. Alikuwa ameharibu na sasa anatengeneza, na moyo wake ulikuwa mweupe. Zaidi ya hayo, hakuna mtu Itiryo aliyewahi kuchinja beberu kwa ajili ya bwana mifugo.

"Tumemaliza," alisema. "Ni Mwanza. Kesho asubuhi nampigia yule mnunuzi wa Sirari aje aone ng'ombe. Boke, utathibitisha Mwanza."

"Sawa, bibi," alisema Boke.

Waisiko alikuwa ameshainua kikombe. Akakishusha. *Sawa, bibi.* Aliyasikia maneno yale yakiingia masikioni, na mahali fulani ndani yake ikasikika sauti ya karatasi inakunjwa mara mbili. Akamtazama mjukuu wake. Boke alikuwa anatabasamu, tabasamu lile la siku ya beberu. Siku ile kwa Mseti, amelala kwenye samadi, alikuwa na uso mwingine kabisa.

"Hapana," alisema mzee. "Hatujamaliza. Agness, njoo. Mseti, weka muwa chini, wewe ni shahidi."

Siku hizi hata Itiryo binti anapoposwa huitwa mbele ya wageni akaulizwa, kabla ng'ombe hawajaingia zizini. Wazee wa zamani waliona ni upuuzi. Waisiko alikuwa mmoja wao. Sasa akanyoosha mgongo, akashika fimbo yake mbele ya magoti, kama alivyoona wanaume wakifanya.

"Boke. Wageni wamekuja wawili. Mmoja ametoka Mwanza, mwingine ametoka Morogoro. Wote wamekutaka kwa akili zako, mimi sikuwabembeleza. Nakuuliza mbele ya mama yako na mbele ya huyu Mseti. Usihesabu ng'ombe wangu. Usiangalie uso wangu. Nimpokee nani?"

Boke akamtazama mama yake. Agness hakutikisa kichwa wala hakukonyeza. Kuku walikuwa wanapanda kulala.

"Nikisema Morogoro utakasirika?"

"Nimeuliza mimi. Usiniulize wewe."

"Basi Morogoro, bibi." Sauti ilianza chini, ikapanda. "Na si kwa sababu ya ada. Kweli ada ya kule ni nafuu na mkopo nitaomba, lakini hata Mwanza kungekuwa bure ningesema hivyo. Mimi nikiona damu ya mtu naogopa. Shuleni walisema mwenye pointi tatu anakwenda udaktari wa watu, nyumbani mkasema hivyohivyo, nikaona labda mimi ndiye sijui. Ila ng'ombe akiumwa naona kabisa pa kuanzia. Nataka nirudi huku, mtu akipiga simu saa kumi usiku, ipatikane."

Mseti akakohoa. Alikumbuka simu ya bwana mifugo alfajiri ile.

Asingekuwa mkweli mtu ambaye angesema Waisiko hakuumia. Aliumia. Neno *bibi wa daktari* lilikuwa tamu, na sasa majirani wangeliongezea mkia. Lakini alitazama zizi lake, akakumbuka kwamba kila kilichokuwa katika ua ule, nyumba, sare za shule, hata mtoto mwenyewe aliyesimama mbele yake, kililetwa na ng'ombe. Kama kulikuwa na mji usio na haki ya kumdharau daktari wa ng'ombe, ni huu.

"Nimempokea wa Morogoro," alisema kwa sauti ya kutosha kusikika ua wa pili. "Wa Mwanza tunamshukuru, anywe uji aende salama. Kesho Protasi aiingize hiyo namba." Kisha sauti ikashuka. "Kwa hiyo hata mwezi wa saba ulitaka hiki hiki?"

"Hakuna aliyeniuliza, bibi."

"Hata mimi," alisema Agness.

Wote wakageuka. Alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko, mwiko mkononi, na alionekana kushtuka kidogo kwamba amesema.

"Hata wewe nini?" aliuliza Waisiko.

"Siku ile ulipokuja nyumbani. Na mimi nilikuwa na umri wa Boke. Hakuna aliyeniuliza."

Mseti akagundua kitu cha kutazama ndani ya kikombe chake. Waisiko angeweza kusema kwamba enzi zile mabinti hawakuulizwa, na lingekuwa kweli. Angeweza kusema amemlea kama mwanawe, na hilo pia lingekuwa kweli. Aliyaona maneno yote mawili yamekaa tayari, akayaacha yalipo.

"Kweli," alisema. "Nilizungumza na baba yako. Nikazungumza na kaka yako. Nikahesabu ng'ombe. Wewe nilikuona ukipita na ndoo ya maji, nikasema, yule ana mgongo mzuri." Akaegemeza fimbo ukutani, akamgeukia Agness mzimamzima kama alivyomgeukia Boke. "Basi nakuuliza leo. Mbele ya mwanao na mbele ya Mseti. Wale ng'ombe wanane, Agness. Wapokelewe?"

Agness akajifuta mikono kwenye kitenge, mmoja baada ya mwingine, bila haraka. Akamtazama binti yake. Akamtazama mzee. Kicheko kilianza kwenye pembe ya mdomo wake, akakizuia, kikampita.

"Nitakujibu Boke akimaliza chuo."

"Miaka mitano!" alilalamika Waisiko.

"Mimi nimengoja ishirini."

Waisiko akahesabu kwa vidole. Sasa alikuwa na sitini na nane; sitini na tisa, sabini, sabini na moja, mbili, tatu. Akahesabu tena, hesabu ikagoma kupungua. Akaona hana budi kuishi, akasogeza kikombe chake mbele.

"Basi niongeze uji," alisema.